Je, wajua kwa nini nyumba ya Nungwi na ya Paje ni biashara mbili tofauti?

Watu wengi wakitaka kununua nyumba Zanzibar ya kupangisha wageni wa siku chache, zile za Airbnb, wanaangalia picha na bei basi wanalipa. Kumbe kinachoamua nani atalala pale, na miezi gani, kwanza kabisa ni bahari.

Iko hivi. Zanzibar maji yanapwa na kujaa sana, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti inafika kama mita 4. Sasa upande wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, chini ni tambarare na mwamba uko mbali huko, kwa hiyo maji yakipwa bahari inaondoka kabisa, unabaki mchanga na mashamba ya mwani ya kina mama, na bamvua inapwa kama saa nne asubuhi, muda ule ule mgeni katoka kunywa chai anataka kuogelea. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, kina kinaanza karibu na ufukwe, hata yakipwa unaogelea tu. Ndo maana familia zenye watoto na watu wa fungate wanakimbilia kaskazini.

Ila Paje msiidharau jamani. Yale maji mafupi yaliyotulia pamoja na upepo ndo wanayoyatafuta watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara, na upepo una misimu miwili, kusi kama Juni mpaka Septemba na kaskazi Desemba mpaka Februari hivi. Mtu wa kaiti mara nyingi anakaa wiki nzima au zaidi, hahitaji marumaru, anataka jiko, intaneti isiyokatika, sehemu ya kuanika vifaa vyake, na ufukwe uwe wa kutembea kwa miguu. Kwangu mimi huyo ni mgeni mzuri kuliko wa usiku mmoja, maana mashuka hubadilishi kila siku.

Mji Mkongwe ni kinyume chake, wengi wanalala siku moja mbili wakisubiri boti ya Dar au ndege. Halafu ni urithi wa dunia wa UNESCO toka 2000, dirisha tu hulibadilishi bila kibali.

Kote huko masika ipo, mwisho wa Machi mpaka Mei, hoteli kibao zinafunga. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mapato ya Agosti mwambie sawa, naomba na ya Aprili. Fumba hapo ina nafuu, iko karibu na uwanja wa ndege na mjini, mvua ikianza unaweza kumpangishia mtu wa mwezi mzima.

La mwisho, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya serikali, unachonunua ni haki ya kutumia, na mgeni asiye raia anapata mkataba wa muda tu. Mpe mwanasheria karatasi azisome kabla hujatoa hata advansi.