"Haijaleta ujumbe, kwa hiyo ni nzima": dhana zinazoua data kwenye seva zetu

Majuzi niliitwa kwenye SACCOS moja ambayo mfumo wake wa mikopo ulikuwa umegoma kufunguka tangu asubuhi. Nasimulia nilichokikuta kwa sababu ni mara ya nne mwaka huu nakikuta, na kila mara swali la wenye mashine huwa lile lile.

Seva ilikuwa chini ya meza ya mhasibu, nyuma ya maboksi ya karatasi za fotokopi. Ndani yake diski mbili kwenye RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili. Moja haikuzunguka kabisa. Ya pili ilikuwa inagonga, ule mlio wa tik, tik, tik ambao fundi akishausikia mara moja hausahau. Nikaipachika hiyo ya pili kwenye mashine yangu, ikakubali kusomeka kwa dakika chache, nikawahi kufungua faili la /var/mail/root, sanduku la barua pepe la root, akaunti ya msimamizi mkuu ndani ya seva yenyewe. Nikakuta barua 143, moja kwa kila siku, zote zina kichwa kimoja: DegradedArray, yaani RAID imepungukiwa diski. Diski ya kwanza ilikufa karibu miezi mitano nyuma, na kila siku iliyofuata seva iliandika barua kueleza hivyo, ikaitia kwenye sanduku ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifungua.

"Kaka, sasa mbona haikutuambia?" meneja akaniuliza.

"Mama, imewaambia mara 143. Hakuna aliyewekwa kusikiliza."

Bakapu ya mwisho ilikuwa kwenye flashi ya mhasibu, ya wiki tatu nyuma. Miamala ya wiki hizo tatu waliiandika upya kutoka kwenye vitabu vya risiti, wakikesha.

"Tumeweka ufuatiliaji, haijaleta ujumbe, kwa hiyo diski ni nzima"

Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Ukimya wa seva una sababu mbili: ama diski zote ni nzima, ama njia ya ujumbe imekatika. Wewe uliyekaa ofisini huwezi kuzitofautisha, maana zote mbili zinaonekana vile vile: hakuna kilichokuja. Watu huchagua kuamini ile ya kwanza kwa sababu inawapa raha.

Na njia ya ujumbe hukatika kirahisi kuliko diski. Aliyesimika seva aliacha barua ziende kwa root wa mashine hiyo hiyo, hakuweka anwani ya nje. Au aliiweka, lakini mtoa intaneti amefunga poti 25, mlango wa kutumia barua pepe kutoka seva moja kwenda nyingine, barua zinarundikana kwenye foleni hadi zinafutwa. Au zinatoka vizuri, ila huku zinakopokelewa zinaonekana za mtumaji asiyejulikana na kutupwa. Au nywila ya akaunti ya kutuma barua ilibadilishwa mwaka jana na hakuna aliyeikumbuka seva. Na lile ninalokutana nalo zaidi ya yote: anwani ni ya kijana wa IT aliyeacha kazi zamani.

Usidhani ni shida ya ofisi ndogo tu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa programu za watu, alifuta kwa bahati mbaya takribani gigabaiti 300 za data kwenye seva kuu ya kanzidata. Walipokimbilia bakapu za kila siku, hazikuwepo. Zilikuwa zinashindwa kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 wakati kanzidata yenyewe ilikuwa 9.6. Mfumo ulikuwa unatuma barua kila ziliposhindwa, lakini barua hizo zilikataliwa kwa kukosa saini inayotakiwa na DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua pepe. Wakaokolewa na nakala iliyopigwa saa sita kabla ya ajali hiyo kwa ajili ya majaribio. Wenyewe walieleza yote hadharani, nami nawashukuru, maana sasa nina la kumwonyesha mteja anayesema "hiyo haiwezi kutokea kwetu".

Kwa hiyo naomba, naomba sana: tahadhari ambayo hujaijaribu usiihesabu kuwa ipo. Kwenye smartd, programu inayofuatilia afya ya diski, weka -M test kwenye mstari wa diski ndani ya faili lake la mipangilio, kisha iwashe upya smartd. Itatuma barua ya majaribio kwa kila diski. Kwa RAID ya Linux, mdadm --monitor --scan --test --oneshot inafanya hivyo hivyo. Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi data kwenye diski kadhaa, hakikisha zed (programu yake ya kutuma tahadhari) inaendeshwa na ZED_EMAIL_ADDR ina anwani ya mtu aliye hai na aliye kazini. Barua isipofika kwenye simu ya mhusika, kazi haijaisha, hata kama skrini haionyeshi kosa lolote. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Halafu igeuze hesabu. Badala ya kungoja seva ilalamike, iagize ipige hodi. Kila saa skripti inasoma /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, na vipimo vya diski. Ikikuta kila kitu sawa, inapiga hodi kwenye huduma iliyo nje ya jengo. Ikikuta kasoro, hodi haipigwi. Umeme ukikatika, intaneti ikifa, skripti yenyewe ikigoma, hodi pia haipigwi. Zikipita saa mbili bila hodi, ile huduma ya nje ndiyo inayotuma SMS kwa watu wawili, na mmoja wao asiwe wa IT. Mimi humpendekeza mhasibu, kwa sababu data ikipotea yeye ndiye atakayekesha na vitabu vya risiti.

"SMART imesema PASSED"

SMART ni vipimo vya afya ambavyo diski inajipima yenyewe. PASSED ina maana tu kwamba hakuna kipimo kilichovuka kiwango alichojiwekea mtengenezaji mwenyewe, na viwango hivyo ni vya ukarimu mno. Soma namba ghafi za vipimo vya 5, 187, 197 na 198, vinavyohesabu sekta mbovu (vipande vya diski) na makosa ya kusoma. Kipimo cha 197 kikitoka sifuri kikawa 8, kisha 24 wiki inayofuata, diski hiyo inaaga, PASSED au si PASSED. Panga jaribio refu la SMART, ambapo diski inajisoma yote, angalau mara moja kwa mwezi. Na hata hivyo usiitegemee peke yake: mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili hata moja kwenye vipimo vya SMART, ukiacha joto.

"Tuna RAID, tuko salama"

RAID inakununulia muda wa kubadilisha diski. Usipojua kwamba moja imekufa, muda huo unapita bure, kama ilivyokuwa kwa wale wa barua 143. Tena RAID haikurudishii faili ulilofuta. Nakala iliyo jengo jingine ndiyo bakapu. Na ukaguzi wa kila mwezi wa RAID usiuzime eti unapunguza kasi: sekta mbovu zilizojificha kwenye diski unayoiamini hugunduliwa hapo, ama sivyo utazigundua siku unajenga upya RAID, wakati nakala ya pili haipo tena.

"SSD haina kinachozunguka, haifi"

SSD, yaani diski ya chipu, inakufa, na mara nyingi bila kugonga wala kuaga. Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS (aina ya kiunganishi cha diski za seva) zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane, kwa kosa la programu ya ndani ya diski, na data isingerudi. Fikiria diski mbili ulizoziwasha siku moja ndani ya RAID moja. Fuatilia saa za kuwashwa na masasisho ya mtengenezaji.

"Ituletee tahadhari ya kila kitu, tusipitwe"

Hapana. Dar mwezi wa pili, chumba hakina AC, ukiweka tahadhari ya joto digrii 40 utapata ujumbe mchana kutwa, na kufikia Ijumaa umeshauzima mlio. Weka kiwango kinachoendana na chumba chako, na mlio wa usiku uwe wa diski iliyotoka kwenye RAID au namba inayopanda.

Siku ya kukabidhi seva mpya, kabla data ya kweli haijaingia, nabandika namba tambulishi (serial number) za diski kwenye trei zake kwa karatasi, ili siku ya shida mtu asichomoe nzima akaacha mbovu. Kisha naita meneja na mhasibu, nachomoa diski moja mbele yao, tunakaa kimya tukitazama simu zao mezani. Simu zote mbili zikilia, nairudisha diski, nasubiri RAID ijijenge hadi mwisho, ndipo tunasaini. Zisipolia sichukui hela, narudi kesho yake.