Je, wajua kwa nini mkono huruka kabla hujasikia maumivu ya moto?

Mtazame mkaanga chapati za rolex, zile zinazokunjwa na mayai, pale Busia, upande wa Uganda. Kidole kikigusa kikaango kilichopata moto kwenye sigiri, mkono unaruka kwanza. Maumivu yenyewe, yale ya kuchoma yanayomfanya apulize kidole, huja baadaye. Siri iko kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu.

Seli ya neva iliyotulia tayari ina chaji. Usiku na mchana pampu za utando wake hutoa nje ioni (chembe zenye chaji) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Potasiamu nayo huvuja kidogo kidogo kurudi nje, na kwa hiyo ndani hubaki hasi, takriban milivolti 70. Joto likigusa ncha ya neva, hasi hiyo hupungua. Ikifika kama 55, milango ya sodiamu hufunguka ghafla, sodiamu humiminika ndani, na hasi inageuka chanya. Haipiti hata sehemu chache za elfu za sekunde, milango imefungwa, potasiamu imetoka, seli imetulia tena.

Usidhani umeme huu husafiri kama ule wa bwawa la Nalubaale kule Jinja, ambao sehemu yake hupotea njiani ndani ya waya. Hakuna ioni inayotoka kidoleni ikafika kichwani. Sodiamu huingia papo hapo mlangoni pake, na badiliko hilo la chaji hufungua milango ya jirani, nayo ya jirani yake. Msukumo huu wa umeme huzaliwa upya njia nzima, hivyo hufika na nguvu ile ile uliyoanza nayo. Kwangu mimi, hakuna kazi ya mwili inayostaajabisha kuliko hii.

Mwisho wa uzi wa neva, mara nyingi ni kemikali inayovuka kwenda seli inayofuata.

Sasa mwendo. Nyuzi nene zenye ala ya mafuta, yaani myelini, hurusha msukumo kutoka pengo hadi pengo la ala hiyo. Zilizo na kasi zaidi hufikia mita 120 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinazobeba yale maumivu ya kuchoma, huenda kama mita 1 tu. Na amri ya kuondoa mkono hutolewa kwenye uti wa mgongo, haingoji ubongo.

Sindano ya ganzi ya daktari wa meno, kama lidokeini, huziba milango hiyo hiyo ya sodiamu. Nyuzi za maumivu kwa kawaida hulala mapema kuliko za mgandamizo, ndiyo maana unasikia jino likivutwa na haliumi.