Mwenye pumu naye aende mchakamchaka

Jumatatu aliingia mama kutoka Tandahimba na mwanawe wa darasa la tano, mkononi karatasi iliyokunjwa mara nne: "Mwanafunzi huyu ana pumu. Asishiriki michezo." Imeandikwa miaka mitatu iliyopita. Miaka mitatu wenzake wakienda mchakamchaka, yeye amekaa chini ya mwembe analinda mabegi. Nimechoka na karatasi hizi.

Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi iliyodumu miaka 16. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuutoa mwili jasho kila siku. Wa pumu nawapa hesabu hiyohiyo.

Kinachoniudhi ni watu kutoangalia saa. Mtoto asiyezoea akikimbia atahema, akipumzika kidogo yamekwisha. Pumu ya mazoezi mara nyingi humkuta ameshasimama: dakika 5 hadi 15 baadaye kifua kinabana, anakohoa kikavu, pumzi inatoka na miluzi. Nilimuuliza kijana mwenyewe kifua kinabana lini. "Nikishakaa, dokta. Na usiku." Hilo la usiku ndilo zito. Anayekohoa usiku pumu yake haijadhibitiwa. Anahitaji dawa ya kuzuia, ya kila siku. Inhela ya bluu peke yake inafungua njia tu, uvimbe unabaki.

Tena anayehema kwa kasi hukausha njia za hewa, nazo zikikauka hujikaza. Aliyekalishwa miaka mitatu anahema kasi kwa kazi ndogo, basi anabanwa mapema, na watu wanasema, "Si tulisema asikimbie?" Apashe mwili taratibu dakika 10, na kama kawaida hubanwa, avute ya bluu robo saa kabla. Avute kwa chupa: tulichukua ya maji ya nusu lita, tukatoboa tako lake tundu la kuenea mdomo wa inhela, tukaziba kwa plasta. Akavuta pumzi tano za polepole, dawa ikaingia kifuani badala ya kubaki ulimini.

Pananipa shida msimu wa salfa, dawa ya mikorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hausubiri, na salfa hupuliziwa alfajiri kabla ya upepo, saa ileile ya mchakamchaka. Hapo naamua kwa pua ya mama: akinusa salfa, mtoto asikimbie asubuhi hiyo, acheze jioni hewa ikisafika. Sipendi, maana na mimi nakuwa nimeandika katazo, na nimewahi kulirefusha kupita kiasi kwa woga.

Karatasi mpya ya kijana inasema: "Ashiriki michezo yote. Apashe mwili kwanza. Inhela akae nayo mwenyewe, isifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu."