Kimanda cha Kuchemshia Mfukoni: Maswali ya Kamati ya Chakula

Kamati ya chakula ya kwaya moja hapa Tabora inataka kuwapikia wageni 40 kifungua kinywa kwa mtindo unaopendwa na wapiga kambi wa Marekani. Kila mtu huvunja mayai mawili kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, akatia kitunguu na anachopenda, akaandika jina lake juu, akaubinya hewa itoke. Kisha mifuko yote hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kwa dakika 13 hivi. Wameniuliza yafuatayo.

Yai litaiva kweli bila kikaango wala mafuta?

Litaiva. Vimelea tunavyovihofia kwenye mayai, hasa salmonela, hufa yai lililokorogwa likifikia nyuzi joto 71 hadi katikati. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Bado yanatosha sana, ila upe muda kidogo zaidi.

Hizo dakika 13 lakini ni za mifuko michache yenye nafasi. Mkirundika mifuko kumi na tano kwenye sufuria moja, maji yanapoa ghafla, mifuko inalaliana, na wa katikati unatoka umeiva pembeni huku ndani bado majimaji. Msitegemee saa peke yake. Kateni kimanda kati: kikiwa bado na ute unaotiririka, kirudi jikoni.

Sasa ubaya uko wapi?

Kwenye mfuko. Mifuko mingi ya zipu imetengenezwa kwa kuhifadhia chakula, tena cha baridi, na wataalamu wa usalama wa chakula huko huko Marekani wanawashauri watu wasiichemshe. Plastiki yake hulainika kwa joto, na ukuta wa sufuria iliyo juu ya jiko la mkaa una joto kuliko maji yenyewe. Mfuko ukiugusa unaweza kutoboka au kuyeyuka. Hapo maji yanaingia kwenye yai, au plastiki inagandamana na chakula. Pia joto na mafuta hurahisisha kemikali za plastiki kuhamia kwenye chakula. Simwambii mtu kwamba akila mara moja ataugua saratani, maneno hayo ya kutishana siyapendi. Nasema tu kwamba mfuko ambao haukupimwa kwa kazi hiyo hatuna sababu ya kuupa kazi hiyo, tena kwa watoto wa watu.

Na kuna kuungua. Anayefungua zipu ya mfuko uliotoka motoni hupigwa na mvuke usoni na vidoleni.

Tukikosa ya zipu, tutumie rambo?

Hapana kabisa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ile iliyosalia stoo haikuwahi kuwa chombo cha kupikia. Na kwa kuwa mmenipa nafasi: ile tabia ya kufunika wali wa shughuli kwa nailoni ili uive vizuri juu, iacheni pia. Jani la mgomba linafanya kazi hiyohiyo.

Na mifuko iliyoandikwa kwamba inahimili kuchemshwa?

Hiyo ipo, na ikitumiwa kama mtengenezaji alivyoelekeza haina tatizo. Bei yake kwa watu 40 mtaiona wenyewe.

Lakini tulichopenda ni kila mtu kupata chake. Mmoja hali pilipili, mwingine hataki kitunguu.

Hapo mko sahihi, na faida ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mkivunja trei nzima kwenye beseni moja, yai moja lenye vimelea linachafua yote, na mkilisahau mezani nusu saa nyingine hatari inapanda. Kila mtu na mayai yake mawili, yai baya linabaki kwa mtu mmoja, na likiiva halimdhuru hata huyo.

Basi ubaki utaratibu, ubadilike mfuko. Wanakwaya huja na vikombe vyao vya bati, vivyo hivyo vitumike. Pakeni mafuta kidogo ndani ya kikombe, mawese yakiwepo ni matamu zaidi. Vunjeni mayai, koroga, tieni vitu vyenu, msijaze hadi juu maana yai huumuka. Tandikeni kitambaa safi chini ya sufuria pana ili vikombe visigongane, panga vikombe, mimina maji ya moto yafike nusu ya kimo chake, funika. Moto uwe wa wastani. Anzeni kuangalia baada ya dakika 15, ingiza kisu katikati: kikitoka kikavu, tayari. Fungueni mfuniko kwa kuuinamisha upande usio na mtu. Sufuria moja haitawatosha wote, wapikieni kwa zamu, kila mmoja ale kimanda chake kikiwa cha moto.

Tutie nini ndani?

Nyanya (toeni mbegu, zina maji mengi), karoti iliyokwaruzwa, mchicha uliochemshwa na kukamuliwa. Dagaa wa Kigoma wanaotufikia kwa treni wanafaa sana, ila waoshwe mchanga na wakaangwe kwanza. Nyama na soseji nazo ziive kabla, kikombe hakitaziivisha. Uyoga wa porini, msimu wa mvua, uletwe tu na anayeujua kwa uhakika, kwa sababu sumu ya uyoga mbaya haiondoki kwa kuchemsha.

Tuvunje mayai usiku ili asubuhi iwe rahisi?

Msivunje, labda kama mna friji inayofanya kazi usiku kucha. Yai lenye ufa tupeni. Yenye kinyesi yafuteni kwa kitambaa kikavu. Mkiyaosha na kuyaweka, maji yanasaidia vimelea kupenya ganda. Na anayevunja mayai anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mkate.

Mtu akiugua baadaye, tutajuaje kama ni mayai?

Dalili za salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 3: kuhara, homa, tumbo kusokota. Kwa macho hamwezi kuitofautisha na maradhi mengine ya tumbo, kwa hiyo anzeni na maji. Pakiti moja ya kawaida ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogokidogo. Asipewe antibiotiki za kununua dukani kwa kubahatisha. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, mwenye selimundu au anayeishi na VVU apelekwe kituo cha afya mapema, hata kama anaonekana ana nguvu. Wengine wote waende haraka wakiona damu kwenye choo, homa kali isiyoshuka, au wakikaa muda mrefu bila kupata mkojo.