Bati linadondosha maji, ukuta umeota weusi: maswali na majibu

Swali: Tunaishi Njombe. Kila kipupwe, asubuhi bati linadondosha maji ingawa mvua haijanyesha, na kona ya chumba cha watoto imeota weusi. Maji yanatoka wapi?

Mengi yanatoka humo humo ndani. Watu wanne wakilala wamefunga madirisha, pumzi zao zinajaza chumba mvuke. Ongeza maharage yaliyochemka jioni na nguo zilizoanikwa sebuleni. Bati lisilo na dari hupoa sana usiku, na mvuke ukiligusa unageuka maji. Nyuma ya kabati ni hivyo hivyo: ukuta wa baridi, hewa haipiti.

Ila hakikisha kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa chumbani, ni mvuke. Kikilowa upande wa ukutani, maji yanapanda kutoka kwenye msingi au bomba linavuja. Hapo mwite fundi. Ukipaka rangi juu yake itabanduka tena, na hela imekwenda.

Swali: Weusi huo una madhara?

Ndiyo. Ni fangasi, na hurusha chembe ndogo hewani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unahusisha nyumba za namna hii na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Mtoto akipumua harakaharaka, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Swali: Tunauondoaje?

Vaa barakoa na glavu, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Usikwangue pakavu. Ukitumia jiki, fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo, kwani hutoa gesi ya sumu. Sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, funika sufuria, na kila asubuhi fungua madirisha hata kama kuna baridi.

Swali: Je, niwashe jiko la mkaa usiku likaushe chumba?

Hapana, nakusihi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Ongezeni blanketi. Na ikitokea watu wa chumba kimoja wameumwa kichwa pamoja, wana kizunguzungu na kichefuchefu, watoe wote nje kwanza, kisha wakimbize hospitali.