Nshapimwa, Sina

"Daktari, mimi nshapimwa, sina." Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini hapa Lamu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari na nimechoka kubisha. Maneno haya niliyasikia korona ilipokuwa imechacha, na nayasikia hadi leo, ingawa Shirika la Afya Duniani, WHO, liliondoa hali ya dharura Mei 2023 na watu wakadhani kirusi nacho kimefunga virago. Anayeyasema, mara nyingi, anakohoa. Ananionyesha picha ya kipimo kwenye simu, mstari mmoja, yaani hasi, na baada ya saa moja anapanda boti kwenda arusini Pate, akakae chumba kimoja na bibi yake mzee mwenye pumu.

Dhana: matokeo hasi maana yake sina ugonjwa, basi siwezi kumwambukiza mtu.

Hii ndiyo inayonipandisha presha, kwa hiyo nitakaa nayo. Matokeo hasi yanasema jambo moja tu: katika ute uliokuwa kwenye kijiti kile, saa ile, hakikuonekana kirusi cha kutosha. Hayasemi lolote kuhusu kesho asubuhi. Aliyeambukizwa juzi hana cha kuonyesha bado, maana kirusi lazima kwanza kizaane. Kwa aina za mwanzo za korona dalili zilikuja kama siku ya tano. Omicron ilipoingia, siku zikapungua. Na mtu huanza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajahisi chochote. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa Jumatatu akatoka hasi kwa haki kabisa, na Jumatano, akiwa mzima wa kutembea, akawa anagawa ugonjwa ndani ya basi la Mombasa.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya takwimu za tafiti kadhaa kuhusu PCR, kipimo cha maabara kinachosaka vinasaba vya kirusi, ambacho sisi tunakiapia. Siku dalili zinapoanza, wagonjwa wapatao 38 kati ya 100 walitoka hasi. Siku tatu baadaye, wakati mzuri kuliko wote wa kupima, bado 20 walipita bila kuonekana. Baada ya hapo waliokosekana wakaanza kuongezeka tena. Nahodha wa Pate anajua mkondo wa Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa tu; akifika yamekupwa ataona mchanga na mizizi ya mikoko, wala hatasema bahari imekwisha. Kirusi puani nacho kina kujaa na kupwa kwake, na wewe hujui ulipimwa saa gani ya maji.

Halafu kuna pua yenyewe. Kijiti kinapaswa kwenda moja kwa moja nyuma, sambamba na kaakaa, si kuelekea juu machoni, mpaka kigote. Kikifika kinazungushwa taratibu, kinaachwa sekunde chache kinywe ute, ndipo kinatolewa. Nani anakubali? Kikigusa tu, kichwa kinarudi nyuma, mkono unakamata mkono wangu, machozi yanamtoka. Mpimaji mwenye foleni ndefu humhurumia, akachokonoa mlangoni pa pua na kuandika jina. Sampuli hiyo itatoka hasi hata kama koo lote limejaa korona.

Na ikishachukuliwa inasafiri. Sampuli za kaunti zote za Pwani zilipimwa kwenye maabara ya utafiti ya KEMRI-Wellcome kule Kilifi. Kutoka kisiwani, hiyo ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu, Garsen na Malindi, na kasha la barafu muda wote. Barafu ikiyeyuka njiani, kirusi kinaoza, na kirusi kilichooza PCR inaweza isikione. Siku hizi wengi hutumia vipimo vya haraka vya antijeni, vile vya kusaka protini za kirusi, havihitaji safari, lakini vingi vimeandikwa kwenye boksi: hifadhi kati ya nyuzi 2 na 30. Mtu ananunua Mombasa, anakiacha juu ya dashibodi ya gari hadi Mokowe, kisha anajipima na kunipigia simu kwa furaha.

Hata kikiwa kimetunzwa vizuri, hebu tupige hesabu. WHO ilipovikubali vipimo vya antijeni Septemba 2020, kiwango cha chini ilichoweka ni kugundua wagonjwa 80 katika kila 100. Yaani kati ya wagonjwa kumi, wawili wataambiwa hawana, na kipimo bado ni halali, kimefanya kazi yake. Sasa wewe unakohoa, harufu ya udi huisikii, mumeo alitoka chanya juzi, unataka kunishawishi kwamba hukuwa mmoja wa wale wawili? Matokeo yaleyale kwa mtu asiye na dalili wala aliyekaribiana na mgonjwa ningeyaamini zaidi. Dalili zako na watu uliokaa nao ni ushahidi pia, na mara nyingi una uzito kuliko ule mstari.

Wakubwa pia walinaswa. Tarehe 26 Septemba 2020 wageni wa bustani ya Ikulu ya Marekani walipimwa kwa kipimo cha haraka, wakaambiwa hawana, wengi wakakaa bila barakoa. Tarehe 2 Oktoba Trump akatangaza ameambukizwa, na kadhaa waliohudhuria wakatoka chanya. Kwetu, Kenya ilipofungua anga kwa wageni Agosti 2020, ilitaka cheti cha PCR cha ndani ya saa 96. Kilikuwa kichujio kizuri cha mpakani, sikukipinga. Lakini saa 96 ni siku nne, na baadhi ya watu walikichukua kama kinga ya kuvaa shingoni.

Dhana: chanya moja inafutwa na hasi mbili.

Huyu ni yule anayezunguka maabara hadi apate jibu analolipenda. PCR kukosa ugonjwa uliopo ni jambo la kawaida. Kuuona usiokuwepo ni nadra. Ukitoka chanya na una dalili, una ugonjwa. Hela ya kipimo cha pili nunulia ndimu na samaki.

Dhana: baba amepimwa hana, basi nyumba nzima hatuna. Hapana. Tulipima pua ya baba.

Dhana: chanjo ndiyo iliyonitoa chanya. Chanjo haiwezi kugeuza PCR wala antijeni kuwa chanya. Ni kipimo cha kingamwili, cha damu, kinachoweza kuonyesha umechanjwa, na hicho si cha kujua kama unaumwa leo.

Dhana: vipimo vyote ni uongo, hata papai lilitoka chanya. Hii inatajwa barazani tangu Rais Magufuli aliposema hivyo Mei 2020. Vipimo vile vilithibitishwa kwa ute wa binadamu, na papai si binadamu. Tusiendelee.

Dhana: nilikisoma jioni niliporudi kutoka sokoni. Karatasi ya maelekezo imeandika dakika 15 au 20. Kitupe, anza upya.

Ukiwa na dalili na umetoka hasi kwa antijeni, rudia baada ya saa 48. Huna dalili ila ulikaa na mgonjwa, pima mara tatu kwa kupishana saa 48. Wakati huo wote jihesabu unao. Mgeni akija, mpokee kwenye daka. Wazee wetu walijenga mabaraza ya mawe pale mlangoni, upepo unapita, na sisi tunawaingiza watu kumi ndani ya chumba chenye kuta za matumbawe na dirisha moja. Kwa bibi hata dakani usiende, piga simu.

Na mgonjwa anayekata pumzi kabla ya kumaliza sentensi, au kile kifaa cha kubana kidole kinachoonyesha oksijeni chini ya 90, apelekwe hospitali hivyo hivyo, hata mkononi ana karatasi tatu za hasi. Walioko Faza na Kizingitini wasingoje asubuhi ndipo watafute boti.