Hapana, ukuta wa udongo haupigwi plasta ya saruji

Wanafunzi wa ujenzi wakimaliza kibanda chao cha mazoezi cha matofali mabichi, swali ni lile lile: "Saruji tunapiga lini?" Hampigi. Na walimu wanaowaambia wapige "ili ukuta uwe imara" ndio wanaochosha zaidi.

Udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Plasta ya saruji haimfuati mwenzake; inapasuka nyufa nyembamba, maji ya mvua yanapenya, na unyevu mwingine unapanda kutoka chini. Kuingia ni rahisi, kutoka hakuna. Udongo wa nyuma unalainika huku uso ukionekana mzima. Gonga kwa kifundo cha kidole: penye mlio wa uwazi, plasta imeshaachia, na itaanguka bapa zima likiwa limebeba udongo mgongoni. Kupigilia wavu wa kuku ni kuahirisha tu. Hata majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya mawe ya matumbawe na chokaa, huharibika hivyo hivyo yakikarabatiwa kwa saruji.

Piga plasta ya udongo. Chekecha udongo kwa wavu wa matundu ya milimita 5, kisha paka ukutani vipande vitatu vya majaribio, sm 30 kwa 30, unene wa sm 1: udongo kwa mchanga 1:1, 1:2 na 1:3. Vikikauka, chenye nyufa kina mfinyanzi mwingi; kinachopukutika ukikisugua kimezidi mchanga. Ongeza nyasi kavu zilizokatwa fupi, na lowesha ukuta kabla ya mwiko kugusa. Upande unaopigwa na mvua, tumia chokaa 1 kwa mchanga 3. Fedha ya saruji ipelekeni kwenye msingi wa mawe unaopanda sm 40 juu ya ardhi, na kwenye paa linalotokeza angalau sm 60. Huo ndio ulinzi.

Kuna na mengine mnayoambiwa. "Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji yaanikwe juani yakauke haraka." Yatakuwa ya kumomonyoka pembe. Saruji hukomaa kwa maji: yawekeni kivulini, yafunikeni nailoni, mwagilieni siku 7 kwa uchache.

"Udongo wowote unafaa." Ule mweusi wa mbugani hapana, unavimba mno. Tabaka la juu lenye mizizi nalo ondoeni kabisa.

"Vifaa vilivyokwisha kutumika kwenye majengo mengine ni vya bure." Hesabuni saa za kung'oa misumari kwanza. Mbao ichomeni kwa bisibisi: ikizama, imeliwa au imeoza. Mataruma ya reli yaliyolowekwa kreosoti, dawa ya sumu ya kuhifadhi mbao, yasiingie ndani ya jengo. Na nondo iliyopindwa kisha ikanyooshwa kwa nyundo isipelekwe kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, hata mkuu wa chuo akisema inatosha. Palipopinda ndipo itakapokatikia.